Mvua Moja, Majina Mengi: Jina la Mtoto kama Somo la Kwanza la Jamii

Utangulizi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutajwa sana katika malezi, lakini ni nadra kuuliza tumkunje kuelekea wapi. Katika madarasa ya chekechea nchini Kenya, hasa mijini, mtoto wa miaka minne au mitano huketi na wenzake wa jamii mbalimbali. Hata hivyo, mafunzo kuhusu jamii hizo aghalabu huishia kwenye picha ukutani: Mmaasai na mkuki, Mswahili na kanzu. Mtoto huamini kwamba jamii nyingine ni mavazi, ilhali mwenzake Mmaasai aliye kando yake amevaa sare kama yake. Makala haya yanapendekeza kwamba somo lianzie kwenye jina la mtoto mwenyewe.

Kwa nini jina?

Kila mtoto huja darasani na jina, halihitaji kununuliwa. Jina pia lina uzito mwingine. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, mara nyingine jina pekee lilitosha kumfanya jirani aonekane adui. Mtoto asipofunzwa mapema kwamba jina ni hadithi, huenda akafunzwa baadaye kwamba ni alama ya utengano.

Mfano wa mvua

Tuchukue majina ya watoto waliozaliwa mvua ikinyesha au wakati wa masika. Wakamba wana Wambua na Mumbua; Wabukusu, Wafula na Nafula; Waluo, Okoth na Akoth; Wakalenjin, Kiprop na Cherop. Mwanaisimu atatambua kwamba mbua, fula na mvua ni maneno ya asili moja ya Kibantu, na kwamba Okoth na Kiprop yametoka katika lugha za Kiniloti. Mtoto hahitaji istilahi hizo. Yatosha aone kwamba mvua ni moja na kila jamii imeipa mtoto kwa ulimi wake.

Utaratibu wa somo

Siku moja kabla, mwalimu awaombe wazazi wamsimulie mtoto habari ya jina lake. Darasani watoto waketi duara, na kila mmoja aseme kwa Kiswahili: "Naitwa Akoth. Nyanya alinipa jina hili kwa sababu mvua ilinyesha nilipozaliwa." Wenzake waitikie kwa kulitamka jina hilo sawasawa, kwani kulitamka vyema jina la mtu ni kumheshimu. Hapa Kiswahili ni ukumbi wa kukutania, wala si mpinzani wa lugha za nyumbani. Katiba ya mwaka 2010 iliyokifanya lugha ya taifa na lugha rasmi iliiagiza pia Serikali kuendeleza lugha za kiasili.

Tahadhari

Si kila jina husimulia majira. Miongoni mwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Hivyo hadithi yake ni ya mtu. Hata Okoth huenda amerithi jina la marehemu babu yake, naye alizaliwa kiangazi. Mwalimu basi aulize, asibuni. Asiyejua asili ya jina lake asilazimishwe. Aeleze nyumbani humwita nani kwa mapenzi. Zaidi ya yote, swali lisiwe "Wewe ni kabila gani?" bali "Nani alikupa jina lako?" Swali la kwanza humweka mtoto katika fungu, la pili humrudisha kwa watu wanaompenda.

Hitimisho

Wengi wetu katika chama hiki tutakuwa walimu, au tutawafunza walimu. Likizo ijayo, kila mwanachama na akusanye majina kumi ya kwao pamoja na hadithi zake, ayaandike kwa Kiswahili chepesi kinachomfaa mtoto wa chekechea. Jina jema hung'ara gizani. Nalo hung'ara zaidi linapojulikana na jirani.