Ruhusa ya Kuchapa: Somo Katika Magazeti ya Indonesia

Nchi ya Indonesia twaisikia kwa jina, lakini magazeti yake hatuyajui. Na huku asili ya baadhi yake i karibu nasi mno. Mwaka 1911 Haji Abdullah Ahmad alitoa gazeti la Al-Munir katika mji wa Padang, kisiwani Sumatra. Liliandikwa Kimalay kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika Kiswahili, nalo likichota sana katika Al-Manar la Sayyid Rashid Ridha wa Cairo. Kisima hicho ndicho alichokinywea Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930.

Tuyapite mambo ya Waholanzi na ya Sukarno, tufike zama za Suharto, kwani hapo ndipo penye mafundisho. Sheria ya mwaka 1982 ilitamka kuwa magazeti hayafungwi. Maneno mazuri! Lakini sheria ile ile ililazimisha kila gazeti liwe na ruhusa ya serikali, na kanuni ya mwaka 1984 ikampa waziri wa habari uwezo wa kuifuta ruhusa hiyo. Basi gazeti halifungwi, ila halina ruhusa ya kutoka. Mwenye akili na aniambie tofauti yake.

Tarehe 21 Juni 1994 ruhusa za Tempo, Editor na DeTIK zilifutwa kwa siku moja. Tempo lilikuwa limeeleza ununuzi wa manowari 39 zilizokuwa za Ujerumani Mashariki, na jinsi wakubwa walivyohitilafiana juu ya gharama zake. Mhariri wake, Goenawan Mohamad, alishtaki, akashinda mwaka 1995, akashinda tena katika rufaa. Mahakama Kuu kabisa ikaitengua hukumu mwaka 1996.

Mwaka huo huo watu wa Tempo walianza kuandika katika intaneti. Kwa nini huko? Kwa sababu ruhusa ile ilihusu kuchapa karatasi, na huko hapakuwa na karatasi. Suharto alijiuzulu tarehe 21 Mei 1998. Julai ikazaliwa detikcom, ambayo baadhi ya waanzilishi wake walitoka katika DeTIK lililofungwa. Hawa hawakungoja asubuhi: habari ilitolewa fupi, kisha ikafuatwa na nyingine kila jambo lilipozidi kujulikana. Mimi naona haraka hiyo ina hatari yake, kwani uwongo nao hupanda jahazi hilo hilo. Tempo lilirudi Oktoba 1998, na Sheria Nambari 40 ya mwaka 1999 ikaiondoa ruhusa kabisa.

Je, khofu nayo iliondoka? Sheria ya mwaka 2008 juu ya habari za elektroniki imetumiwa kuwashtaki waandishi kwa kuvunjia watu heshima. Na Machi 2025 ofisi ya Tempo mjini Jakarta ililetewa kasha lenye kichwa cha nguruwe kilichokatwa masikio, na siku chache baadaye panya waliokatwa vichwa. Tempo liliendelea kutoka.