Kamani: Maana na Asili ya Neno Moja la Kukopa

Utangulizi

Mwalimu wa tafsiri anapompa mwanafunzi neno la Kiingereza 'spring', kwa hakika humpa maneno manne. La kwanza ni kitendo cha kuruka. La pili ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini. La tatu ni majira yanayofuata baridi katika nchi zenye misimu minne. La nne ni kipande cha chuma kinachokubali kupindwa, kuzongwa au kubanwa, kisha kikaachiliwa na kurudi katika umbo lake la awali. Kwa Mwingereza maana hizi ni ndugu wa tumbo moja, kwani zote zimetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuchomoza kwa ghafla.

Kiswahili kiligawa maana hizo kwa namna yake. Kwa maana ya kwanza kina kitenzi 'ruka'. Kwa maana ya pili kina 'chemchemi', neno lenye uhusiano na 'chemka'. Kwa maana ya tatu husemwa 'majira ya kuchipua'. Kwa maana ya nne kina neno la kukopa, 'kamani', ambalo siku hizi linapokonywa nafasi yake na neno jingine la kukopa, 'springi'. Makala haya yanakusudia kuchunguza maana za neno kamani, kufuatilia asili yake, na kuonyesha ni kwa nini asili hiyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili wa leo.

Maana za Kamani

Kamani imo katika kamusi za Kiswahili Sanifu. Maana yake ya msingi ni utepe au waya wa chuma uliozongwa ndani ya saa na kuiendesha. Mtu anapoitia saa ufunguo huikaza kamani. Kamani inapolegea polepole huyazungusha magurudumu ya saa. Kutokana na maana hiyo, neno limepanuka likahusu kila chuma chenye tabia ya namna hiyo: kilichomo ndani ya kufuli, katika bunduki, chini ya gari au ndani ya godoro.

Kinachoviunganisha vitu hivi si umbo. Kamani ya saa ni utepe mwembamba, ya godoro ni waya uliojiviringa, na ya lori ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kinachoviunganisha ni kazi: vyote hupokea nguvu, huihifadhi, kisha huirudisha. Mwanasayansi Robert Hooke wa Uingereza alieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1678: kadiri nguvu inavyoongezeka ndivyo mvuto wa kamani unavyoongezeka kwa uwiano uleule, maadamu kamani haijavutwa kupita kiasi. Msomaji aiweke kanuni hii akilini, kwa kuwa ndiyo itakayotufafanulia jinsi silaha ya vita ilivyoipa saa jina la kiungo chake.

Kabla ya kuiacha maana, inafaa kulitaja neno 'mtambo'. Leo mtambo ni mashine, hasa kubwa. Hata hivyo, katika kamusi na vitabu vya karne ya 19, mtambo ulikuwa pia mtego wenye kufyatuka na hicho chuma chenyewe kinachofyatua. Hivyo Kiswahili hakikukopa kwa sababu ya ufukara. Kilikuwa na neno lake, lakini maana ya neno hilo ilipanuka kutoka kiungo hadi chombo kizima. Mtambo ulipokuwa jina la mashine yote, kiungo kilichomo ndani yake kilihitaji jina la pekee, na kamani ikaifaa nafasi hiyo.

Asili: Ushahidi wa Maana

Chimbuko la mbali la kamani ni neno la Kiajemi 'kamān', maana yake upinde au uta. Lakini Mswahili hakulipokea neno hili kwa maana ya upinde. Yeye alikuwa na 'uta' na 'upinde' wake tangu zamani. Alilipokea likiwa tayari limekwisha kuwa jina la chuma kinachojirudi. Swali basi ni hili: maana hiyo ilibadilikia wapi?

Haikubadilikia Uajemi. Waajemi wenyewe hukiita chuma hicho 'fanar', na 'kamān' kwao imebaki kuwa upinde. Mabadiliko yalitokea Bara Hindi, ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya utawala na fasihi kwa karne nyingi, hasa enzi za Wamughali. Katika Kihindi na Kiurdu, 'kamān' ni upinde na pia tao la jengo, ilhali 'kamānī' ni chuma kinachojirudi. Kamānī hiyohiyo ni jina la fito za mwavuli na la vipini vya miwani vinavyoshika masikio. Kigujarati nacho hutumia 'kamān' kwa upinde, kwa tao na kwa kiungo cha saa.

Mantiki ya badiliko hili ni nyepesi. Mpiga upinde huuvuta uzi, mti ukapindika, nguvu ya mkono ikahifadhiwa katika mti. Anapoachia, nguvu hiyo hurudi na kuurusha mshale. Kamani ya saa hufanya vivyo hivyo, ila huirudisha nguvu polepole. Fundi aliyekipa chuma kile jina la upinde alikuwa ameielewa kanuni kwa macho na mikono yake.

Wala si huko tu ambako silaha ilizaa jina la kiungo. Waarabu hukiita chuma hiki 'zunburuk', na Waturuki 'zemberek', maneno yanayorejea kwenye jina la Kiajemi la upinde mdogo wa kufyatua. Ulinganisho huu una faida mbili. Kwanza, unathibitisha kwamba njia kutoka upinde hadi kamani ni ya kawaida katika lugha. Pili, unatuonyesha kwamba kama Kiswahili kingelikopa neno hili kwa Waarabu, tungelitarajia umbo kama 'zumburuki'. Na Waarabu wa leo wanapotamka 'kamān' huwa wanataja fidla, ala ipigwayo kwa upinde. Kwa hiyo kamani ya saa haikupitia Uarabuni.

Asili: Ushahidi wa Umbo

Umbo nalo linaunga mkono hoja hii. Kiswahili hupendelea silabi wazi, na neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu: 'rang' likawa 'rangi'. Yawezekana kudhani kwamba 'kamān' nalo liliongezewa /i/ kwa kanuni hiyo. Lakini 'kamānī' lilikuwa tayari na irabu ya mwisho, na pia lilikuwa tayari na maana inayotakiwa. Linalingana na 'gāṛī' lililotupa 'gari', na 'qulī' lililotupa 'kuli'. Aidha, irabu ndefu ya katikati iliangukia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pa mkazo wa Kiswahili. Neno liliingia bila kuhitaji kurekebishwa sana.

Mwanafunzi ajihadhari na mtego mmoja. Neno linaloishia kwa '-ni' humvuta adhani kuwa lina kiambishi cha mahali, kama 'mezani' au 'nyumbani'. Upatanisho wa kisarufi unalikanusha jambo hilo. Husemwa 'kamani hii imekatika' na 'kamani hizi zimekatika', katika ngeli ya I-ZI. Haisemwi 'kamani humu mmekatika'. Silabi '-ni' hapa ni sehemu ya mzizi.

Kamani na Jamaa Zake

Neno halisafiri peke yake. Ndiyo maana mtafiti hutazama pia lililokuja nalo. Kamani ni jamaa ya maneno ya ufundi na biashara yaliyotoka au kupitia Bara Hindi: gari, karakana, randa, godoro, bima, hundi, pesa na laki. Ni msamiati wa fundi na mfanyabiashara, na unaeleza nani alikutana na nani. Wahindi walifanya biashara katika pwani yetu kwa karne nyingi. Kisha ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ulileta zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka Bara Hindi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na maduka na karakana za Wahindi zikawa sehemu ya maisha ya mji huu. Hivyo msamiati uliozoeleka pwani ulipata njia ya chuma ya kupandia nyanda za juu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Imekuwa desturi kwa baadhi yetu kulibandika kila neno la kukopa lebo ya 'Kiarabu', na desturi hiyo imewapa nguvu wale waliodai kwamba Kiswahili ni zao la Kiarabu. Kamani inatufunza kupima kwanza. Lebo sahihi si suala la adabu tu kwa Wahindi na Waajemi. Ni sehemu ya ushahidi wa historia ya lugha yetu.

Kamani na Springi

Leo, mkaazi wa Elgon View hapa Eldoret akipeleka gari gereji kwa sababu linagonga kila livukapo tuta, neno atakaloambiwa na fundi ni 'springi'. Akienda mjini kununua godoro, atasikia 'springi' vilevile. Neno hili limekuja na magari na vipuri vyenye majina ya Kiingereza. Halina dosari ya kuwa la kigeni, maana kamani nayo ni ya kigeni, na si kazi ya msomi kumkemea fundi anayeelewana na mteja wake.

Hata hivyo, hasara ipo. Springi inabeba kundi la konsonanti tatu mwanzoni, na baadhi ya wasemaji hulitenganisha kwa irabu. Tena saa za betri zimeondoa kazi ya kutia ufunguo, hivyo mahali ambapo kamani ilitajwa zaidi pamepungua. Neno lisilotumiwa mahali popote hubaki kamusini kama kamani iliyolegea.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, haja ya istilahi za sayansi na ufundi imekuwa kubwa zaidi. Makala haya yanapendekeza kamani itumike katika maandishi ya kitaaluma kuwa istilahi jumuishi, kisha aina zake zitajwe kwa vivumishi na viunganishi vya kawaida: kamani bapa ya lori, kamani ya kuzongwa ya saa, mizani ya kamani ya maabara. Springi ibaki gerejini, na mwanafunzi ajue kwamba yote mawili yanataja kitu kimoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba kamani ni mtoto wa upinde wa Kiajemi, aliyebadilishiwa kazi Bara Hindi, akafika kwetu akiwa fundi wa saa. Tumefikia hitimisho hilo kwa kupima maana, umbo na jamaa za neno kwa pamoja, si kwa kufanana kwa sauti pekee. Yapo maneno mengi ya karakana ambayo bado yanasubiri kupimwa hivyo, na mengine wazungumzaji wake ni wazee. Mwanafunzi mwenye daftari na subira anaweza kuanzia kwa fundi saa aliye karibu naye.