Somo la Mafundi: Kufunga Boliti za Sakafuni



Katika miji ya Arua na Koboko, kusaga mihogo, mahindi na mtama ni kazi ya kila siku. Mashine nyingine huendeshwa na mota ya umeme, nyingine na injini ya dizeli. Zote hutikisika, na mkanda huvuta mota na kinu vikaribiane. Kinachovizuia ni boliti chache zilizofungwa sakafuni. Zikilegea, mkanda huweza kuruka, na aliye karibu huweza kupoteza vidole. Kwa hiyo somo hili si la fundi peke yake.

1. Ijue sakafu. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi: nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja katika kumi. Boliti fupi ikizidiwa, aghalabu haikatiki, bali hung'oka pamoja na bonge la zege lenye umbo la faneli. Hakuna boliti iliyo imara kuliko sakafu yake.

Chumba kilichojengwa kuwa duka huweza kuwa na saruji ya sentimita chache tu juu ya mawe na udongo. Toboa kwanza tundu dogo la majaribio. Vumbi la kijivu ni zege. Likigeuka jekundu, umekwisha fika kwenye udongo. Hapo usifunge kitu. Vunja sakafu, chimba, umwage msingi wa zege, na boliti ndefu zilizopindwa ncha ziwekwe ndani kabla halijakauka. Limwagilie maji juma la kwanza. Nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Usiiwashe mashine siku ya tatu. Kwa injini ya dizeli, msingi wa namna hii ndio bora hata pale sakafu ilipo nzuri.

2. Kina na nafasi. Kama zege ni nene na zima, boliti ya kutanuka yafaa. Ikiingia milimita 80 badala ya 40, zege huishika karibu mara tatu, wala si mara mbili. Iwe mbali na ukingo mara moja na nusu ya kina chake, na mbali na mwenzake mara tatu. Kwa kina cha milimita 80, hizo ni milimita 120 na 240. Zikikaribiana zaidi, zinagombea zege lile lile.

3. Tundu. Fuata kipenyo kilichoandikwa na mtengenezaji. Ondoa vumbi lote kwa brashi na pampu, kwani boliti iliyolala juu ya vumbi huteleza. Tia washa, kaza nati, kisha funga nati ya pili juu yake ili mtikisiko usiifungue.

4. Ukaguzi. Piga mstari wa rangi toka kwenye nati hadi kwenye chuma cha mashine. Kila Jumatatu, mashine ikiwa imezimwa, tazama. Mistari ikiachana, nati imezunguka. Usikaze kamwe mashine inapozunguka.

Mwenye kinu atasema kwamba kungoja siku 28 ni hasara. Ni kweli, na anayelipwa kwa gunia hupata hasara vile vile. Lakini siku hizo hurudi, mkono haurudi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usalama, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari iliyo karibu kumfika. Mmoja akisema peke yake, hufukuzwa kwa urahisi; wote wakisema pamoja, husikilizwa.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Sakafu ya kinu chenu ina unene gani? Nani aliipima?
(b) Boliti zilikaguliwa lini mara ya mwisho?
(c) Siku za kungoja zege, wenzetu wanaolipwa kwa gunia watakula nini?