Nitaachaje kulalamika?

SWALI: Asubuhi nalalamikia mvua, mchana bei ya maharage, jioni barabara. Mke wangu amechoka kunisikiliza. Nifanyeje? *Msomaji, Nyarubungo, Kagera*

JIBU: Wengi huamini kwamba kulalamika hupunguza machungu. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, aliipima imani ya karibu na hiyo, kwamba kutoa hasira huipunguza: watu waliokasirishwa walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walibaki na hasira zaidi kuliko wenzao waliokaa kimya tu.

Mwaka 2006 mchungaji Will Bowen wa Kansas City aliwagawia waumini bangili za zambarau. Anayelalamika huihamishia mkono wa pili, akilenga siku 21 bila kuihamisha. Uzi wowote unatosha badala ya bangili, ila siku hizo zisichukuliwe kama amri: utafiti wa Phillippa Lally, London, 2009, ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka.

Mvua haina ofisi ya kupelekewa malalamiko. Hiyo muulizaji aiache. Barabara inayo. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu, na mkazi yeyote mtu mzima ana haki ya kusema. Asimame ataje karavati lipi limeziba na tangu lini, kisha aombe kijiji kiwaandikie TARURA, wanaosimamia barabara za vijijini tangu 2017. Kiongozi hukwepa manung'uniko kirahisi, si swali lililoingia kwenye muhtasari wa mkutano.

Kwa mkewe, jioni alete jambo moja, na aseme mapema kama anataka ushauri au sikio tu. Bei ya maharage wanaweza kuipigia hesabu pamoja.