SOMO LA SHERIA NA KAZI: BARAZA LINAPOPITIA UPYA MAOMBI YA MWAJIRI ANAYETAKA KUDHAMINI WAFANYAKAZI WAGENI
(Mfano wa Australia)

Madhumuni ya somo

Wananchi wengi wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za nje hushughulikia pasipoti, viza na nauli, wakasahau kwamba katika nchi nyingi milango hiyo haifunguki mpaka mwajiri naye apewe ruhusa. Mwajiri akinyimwa ruhusa, mfanyakazi hubaki njiani. Somo hili linaeleza jinsi uamuzi wa kumnyima mwajiri ruhusa hiyo unavyoweza kupitiwa upya na baraza huru. Mfano uliochaguliwa ni Australia, kwa kuwa utaratibu wake umeandikwa kwa kina na umekwisha kutumika kwa miaka mingi. Mwishoni yamewekwa maswali ya kujipima.

1. Hatua tatu za udhamini

Australia ilianzisha viza ya muda kwa wafanyakazi wenye ujuzi, iliyojulikana kwa namba 457, mwaka 1996. Mwezi wa Machi 2018 nafasi yake ilichukuliwa na viza namba 482, na tarehe 7 Disemba 2024 viza hiyo ilipangwa upya na kupewa jina jipya. Pamoja na mabadiliko hayo, msingi wake umebaki kuwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya biashara yenyewe: inaomba ikubaliwe kuwa mdhamini. Hatua ya pili ni ya nafasi ya kazi: mdhamini anaitaja kazi anayotaka kuijaza, mshahara wake na mtu anayemkusudia. Hatua ya tatu ni ya mfanyakazi: anaomba viza kwa jina lake. Hatua hizi ni kama vidato vya ngazi. Kidato cha kwanza kikivunjika, cha pili na cha tatu havikanyagiki.

Somo hili linahusu kidato cha kwanza.

2. Mambo ambayo mwombaji hutakiwa kuyathibitisha

Masharti yamo katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958 na Kanuni za Uhamiaji za mwaka 1994. Yaliyo makubwa ni haya:

(a) Biashara iwe inaendeshwa kweli na kwa halali. Namba ya usajili peke yake haitoshi, kwani kampuni yaweza kusajiliwa na isiuze hata kitu kimoja. Vinavyotazamwa ni hati za kodi, taarifa za benki, mkataba wa pango, bima, orodha ya wafanyakazi na hesabu za mapato na matumizi.

(b) Pasiwe na habari mbaya inayojulikana juu ya biashara hiyo au juu ya mtu anayehusiana nayo. Habari mbaya ni kama vile kuvunja sheria za kazi, kodi, uhamiaji au usalama kazini, au kufilisika. Hata hivyo, Kanuni zinaruhusu habari hiyo iachwe kando ikiwa kwa kuzingatia mambo yote ni haki kufanya hivyo.

(c) Kwa miaka mingi palikuwapo pia sharti la mafunzo. Mwajiri alitakiwa aonyeshe kwamba ama amechangia mfuko wa mafunzo wa sekta yake kiasi cha asilimia 2 ya jumla ya mishahara, ama ametumia asilimia 1 kuwafunza wafanyakazi wake wa nchini. Sharti hilo liliondolewa mwezi wa Agosti 2018, na badala yake ikawekwa tozo inayolipwa mwajiri anapotaja nafasi ya kazi.

Biashara ikikubaliwa, inabeba wajibu wa kudumu: kumlipa mgeni sawa na mwenyeji anayefanya kazi hiyo hiyo, kutunza kumbukumbu, kuiarifu Idara mabadiliko yanapotokea, kutomtoza mfanyakazi gharama za udhamini, na kulipa nauli ya kumrejesha kwao anapoomba kwa maandishi. Wajibu huu ulitiwa nguvu kwa sheria iliyotungwa mwaka 2008, baada ya malalamiko juu ya wageni waliokuwa wakipunjwa mishahara. Kwa sababu hiyo mlango wa kwanza hulindwa kwa ukali. Anayepitishwa hapo anakabidhiwa maisha ya watu walio mbali na jamaa zao.

3. Baraza ni nini

Ofisa wa Idara akikataa maombi, biashara ina haki ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Kazi hiyo ilifanywa na Baraza la Mapitio ya Uhamiaji kuanzia mwaka 1999. Tarehe 1 Julai 2015 baraza hilo liliunganishwa na Baraza la Rufaa za Utawala, ambalo lilikuwapo tangu mwaka 1976. Baadaye Serikali iliamua kulivunja baraza hilo, kwa sababu ya mlundikano wa mashauri na malalamiko juu ya namna wajumbe wake walivyokuwa wakiteuliwa. Tarehe 14 Oktoba 2024 lilianza kazi Baraza jipya la Mapitio ya Utawala, likayarithi mashauri yaliyokuwa hayajakwisha.

Inafaa ieleweke kwamba Baraza si mahakama. Mahakama huuliza kama sheria ilifuatwa. Baraza huliangalia jambo lenyewe tangu mwanzo, likisimama mahali pa ofisa na kutumia mamlaka yale yale aliyokuwa nayo. Mwaka 1979, katika shauri la Drake, Mahakama ya Shirikisho ilieleza kwamba swali mbele ya baraza la namna hii ni kama uamuzi ni sahihi, au ndio unaofaa zaidi, kwa kutazama ushahidi uliowekwa mbele ya baraza lenyewe. Mwaka 2008, katika shauri la Shi, Mahakama Kuu ya Australia ilithibitisha kwamba baraza laweza kuzingatia mambo yaliyotokea baada ya uamuzi wa kwanza, isipokuwa pale sheria inapofunga mlango huo.

Matokeo yake ni makubwa. Mwombaji aliyeshindwa kwa kukosa hati anaweza kuzileta barazani. Lakini upanga huu una makali kuwili: habari mbaya iliyojitokeza baada ya uamuzi wa ofisa nayo huingia.

4. Mwendo wa shauri: mfano wa kubuni

Ichukuliwe kwamba ipo kampuni ndogo yenye mgahawa katika mji wa bara, mbali na Sydney. Wenye kampuni ni mume na mke. Wanataka kumdhamini mpishi kutoka ng'ambo, ambaye amekwisha kuwasili kwa viza nyingine na ameomba viza ya kazi akitegemea udhamini wao.

Kampuni inapeleka maombi ikiwa na cheti cha usajili na barua fupi. Ofisa anaandika kutaka hesabu na hati za kodi, na anaweka siku ya mwisho. Barua inafika kwa mhasibu aliye safarini, na siku zinapita. Ofisa anaandika kwamba hakuridhika kuwa biashara inaendeshwa kweli, na maombi yanakataliwa. Kwa ushahidi aliokuwa nao mezani, hakukosea.

Jambo la kwanza kwa kampuni ni muda. Maombi ya mapitio hayana budi kupelekwa ndani ya siku zilizotajwa na sheria, na katika mashauri ya uhamiaji Baraza halina uwezo wa kuziongeza. Anayechelewa hata siku moja hasikilizwi, hata kama hoja yake ni nzito. Ipo pia ada inayozidi dola 3,000 za Australia, ambayo nusu yake hurejeshwa mwombaji akishinda.

Hapa pana jambo linalomgusa mpishi moja kwa moja. Haki ya kuomba mapitio ya kunyimwa udhamini ni ya biashara, yeye hana. Na viza yake ikikataliwa wakati ambapo hakuna nafasi iliyokubaliwa wala mapitio ya mwajiri yanayoendelea, yeye mwenyewe anaweza kukosa mlango wa Baraza. Hivyo uzembe wa siku chache katika ofisi ya mwajiri unaweza kumfungia haki mtu ambaye hakuwahi kuiona barua iliyopuuzwa.

Kampuni inawahi. Inapeleka taarifa za benki za miaka miwili, hati za kodi, mkataba wa pango, daftari la mishahara na bima. Mjumbe wa Baraza anazisoma pamoja na jalada la Idara, na katika jalada anakuta habari nyingine: miaka miwili nyuma wakaguzi wa kazi walibaini kwamba mwosha vyombo wa mgahawa huo alilipwa pungufu.

Baraza haliruhusiwi kulitumia jambo hilo kimyakimya. Ni lazima limweleze mwombaji habari yenyewe na kwa nini inaweza kumdhuru, kisha limpe nafasi ya kujibu.

Katika kikao, wenye kampuni wanaulizwa wenyewe. Kikao si cha ukali wa mahakama. Kanuni za ushahidi za mahakamani hazilifungi Baraza, mkalimani hupatikana akihitajika, na mara nyingi Idara haileti mtu wa kubishana. Mjumbe ndiye anayeuliza: upungufu ulitokeaje? Uligunduliwa na nani? Fedha zilirejeshwa lini? Nini kimebadilika?

5. Uamuzi hupimwaje

Jibu la kwanza linaloweza kutolewa ni hili: mke, aliyekuwa akishika mishahara, alitumia kiwango cha zamani. Baada ya ukaguzi, kampuni ililipa deni lote ndani ya mwezi, ikaajiri mtu wa kuandaa mishahara, na hati za malipo tangu wakati huo ziko sawa. Mwosha vyombo bado yupo kazini.

Jibu la pili ni hili: wenye kampuni wanasema ukaguzi ulikuwa wa kuonewa, fedha zimelipwa nusu, na daftari la mishahara lililoletwa halilingani na taarifa za benki.

Sheria katika majibu yote mawili ni ile ile, na kosa la awali ni lile lile. Katika jibu la kwanza, Baraza lina msingi wa kusema kwamba biashara inaendeshwa kwa halali na kwamba ni haki kuiacha kando habari mbaya. Litautengua uamuzi wa ofisa na kuikubali kampuni kuwa mdhamini. Katika jibu la pili, ushahidi wa mgahawa kuwapo hautasaidia. Mwajiri asiyekiri deni la mfanyakazi aliye karibu naye hawezi kuaminiwa na mfanyakazi ambaye viza yake iko mikononi mwake. Baraza litauthibitisha uamuzi wa kukataa.

Baraza hutoa sababu za uamuzi wake. Asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani ndani ya siku 35, lakini huko hatasikilizwa tena juu ya uzuri wa mgahawa wake. Mahakama itatazama tu kama Baraza lilikosea sheria kwa kiwango cha kuuondolea uamuzi uhalali wake, mfano kwa kutompa mwombaji nafasi ya kujibu habari iliyomdhuru. Likionekana limekosea hivyo, shauri hurudishwa kusikilizwa upya.

Uingereza imechagua njia nyingine. Biashara iliyokataliwa leseni ya udhamini huko haina rufaa ya kusikilizwa upya mbele ya baraza. Njia yake ya kisheria ni Mahakama Kuu, ambayo huangalia uhalali wa uamuzi. Hati iliyosahaulika kwa ofisa ni vigumu kuiponya baadaye.

6. Mafunzo kwa mfanyakazi

Anayeahidiwa kazi kwa udhamini anashauriwa ayazingatie haya:

(a) Amwulize mwajiri kama amekwisha kukubaliwa kuwa mdhamini au ndiyo kwanza anaomba. Barua ya ajira si idhini ya udhamini.

(b) Aombe nakala ya kila barua inayohusu udhamini na nafasi yake, na azihifadhi.

(c) Asikubali kutozwa fedha za udhamini. Nchini Australia gharama hizo ni za mwajiri.

(d) Maombi ya mwajiri yakikataliwa, aulize siku ile ile kama mapitio yataombwa na mwisho wa muda ni lini, kisha atafute ushauri wa mtu aliyeidhinishwa kisheria.

(e) Ajue kwamba tangu tarehe 1 Julai 2024 mwenye viza hiyo akiachana na mwajiri hupewa hadi siku 180 kwa mara moja kutafuta mdhamini mwingine, mahali pa siku 60 zilizokuwapo kabla. Hivyo hana sababu ya kuvumilia dhuluma kwa hofu ya kufukuzwa nchini kesho yake.

Kwa mwajiri popote alipo, funzo ni fupi: daftari la mishahara lililo safi ni shahidi bora kuliko wakili, na barua ya Serikali hujibiwa ndani ya muda wake.

Maswali ya kujipima

1. Taja hatua tatu za udhamini, na ueleze ni nani anayewajibika katika kila moja.
2. Baraza linatofautianaje na mahakama katika kuutazama uamuzi wa ofisa?
3. Kwa nini kuchelewa kwa mwajiri kunaweza kumnyima mfanyakazi haki yake mwenyewe?
4. Habari mbaya juu ya biashara inapojulikana, Baraza lina wajibu gani kabla ya kuitumia?
5. Katika mfano wa mgahawa, ni mambo gani yaliyotenganisha jibu la kwanza na la pili?