Kumuaga Mbwa Aliyezeeka



Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo mara chache huzungumzwa kanisani, ingawa limo katika nyumba nyingi hapa Kimamba. Ni habari ya mbwa aliyezeeka na kuugua. Miaka yote amelinda nyumba na kuku, amefukuza ngedere na nguruwe mwitu katika mahindi, na amebweka usiku sisi tukiwa tumelala. Sasa hawezi tena. Tumfanyeje? Na kama mateso yake yamezidi, tutajuaje kwamba siku ya kumuaga imefika?

Tumeona watu wakitumia njia tatu. Wengine humfukuza kwa mawe mpaka ahamie sokoni au kando ya reli. Wengine humtegea sumu. Wengine, ambao kweli wanampenda, humwacha alale nyuma ya jiko majuma mengi, wakisema kwamba Mungu mwenyewe atamchukua. Njia mbili za kwanza ni ukatili, na hilo halihitaji somo. Njia ya tatu ina sura ya huruma, na kwa sababu hiyo yatupasa kuifikiri zaidi.

1. Deni letu

Someni Mithali 12:10. Hapo tunafundishwa kwamba mtu mwenye haki huonekana hata katika jinsi anavyojali maisha ya mnyama wake. Someni pia Luka 16, habari ya Lazaro maskini. Mlangoni pale, waliomkaribia na kugusa vidonda vyake walikuwa mbwa. Majirani zetu Waislamu nao wanayo mapokeo ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akapata msamaha kwa tendo hilo. Na sheria ya nchi haiko mbali na mafundisho hayo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Husemwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini tukimpiga mawe mbwa aliyetulinda miaka kumi, basi mwenye mateke si punda tena, ni sisi.

Tena hapa mkoani kwetu Morogoro tunao mfano mzuri. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013 akapelekwa Kambodia, ambako aligundua mabomu ya ardhini na vitu vingine vya mlipuko zaidi ya 100. Mwaka 2021 alipoanza kuwa mzito kwa uzee alistaafishwa. Aliendelea kulishwa na kutunzwa mpaka alipokufa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 8. Kama panya alipewa pensheni yake, mbwa je? Kazi ikiisha, maisha hayajaisha.

2. Uzee si ugonjwa

Mbwa wa miaka kumi na zaidi huhesabiwa kuwa mzee, ingawa wenye miili mikubwa huzeeka mapema zaidi. Hulala sana, husikia kidogo, na mdomo wake huota mvi. Hizo peke yake si sababu za kumuaga.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, hapana budi kumwita bwana mifugo. Mengi yanayofanana na mwisho yanatibika. Jino lililooza humfanya akatae chakula kana kwamba amekata tamaa. Likitolewa, hula tena. Minyoo na kupe humkondesha na kumnyonya damu. Kidonda chenye funza hunuka kama mauti, lakini kikisafishwa mapema hupona. Macho yenye ukungu yanaweza kuwa mtoto wa jicho wa uzeeni. Lakini katika sehemu zenye mbung'o, ukungu huo unaweza kuwa dalili ya nagana, nayo ina dawa. Hata uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana wakati wa kupandana, mara nyingi hupona kwa sindano. Kama tatizo limemshinda bwana mifugo wa kata, madaktari wa wanyama hufundishwa pale pale Sokoine, Morogoro.

Tunaonya jambo moja. Msimpe mbwa dawa za maumivu za watu. Diklofenaki na aibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na Panadol huweza kuharibu ini. Wengi wanaofanya hivyo hutaka kumsaidia, kumbe wanamwongezea mateso.

Onyo la pili ni kubwa zaidi. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma ovyo, anayetokwa na mate mengi na kushindwa kumeza, au ambaye sauti yake imegeuka, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo si wa kukaliwa karibu wala kupapaswa. Watoto waondolewe na bwana mifugo aitwe mara moja. Aliyeumwa au aliyeguswa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona dalili, kwa maana zikishatokea hakuna dawa ya kuponya.

3. Makosa mawili

Tukishajua kwamba ugonjwa hauponi, tunakabiliwa na makosa mawili.

Kosa la kwanza ni haraka. Mbwa habweki tena, chakula kimepanda bei, basi aondoke. Hapa tunapima faida yetu.

Kosa la pili ni kuchelewa. Mbwa hawezi kusimama, amelowa mkojo wake, inzi wamemjaa, lakini tunasema tungoje kidogo, kwa kuwa hatutaki kuwa watu waliokata shauri. Hapa tunapima huzuni yetu.

Makosa haya yanaonekana kuwa mbali, lakini ni ndugu. Katika yote mawili tunajitazama wenyewe, na mbwa tumemsahau. Ndiyo maana kipimo cha haki ni kimoja tu: siku ya leo ilikuwaje kwake yeye?

4. Mambo saba ya kupima

Mwaka 2004 daktari mmoja wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliandika kipimo cha kuwasaidia wenye wanyama wagonjwa. Sisi tuliozoea kusahihisha madaftari tunakipenda kwa sababu ni cha maksi. Kila jambo lina maksi kuanzia 0 hadi 10:

(a) Maumivu: Je, anapumua bila taabu? Je, maumivu yametulizwa, au anatweta na kulia akiguswa?
(b) Kula: Je, anakula kwa hiari, au kwa kulishwa kwa mkono, au hali kabisa?
(c) Maji: Je, anakunywa ya kumtosha?
(d) Usafi: Je, anaweza kuwa mkavu na safi? Je, ana vidonda vya kulalia?
(e) Furaha: Je, anatikisa mkia akimwona mtu wa nyumbani? Je, bado anataka kujua nani amepita njiani?
(f) Kutembea: Je, anainuka mwenyewe, au kwa msaada, kwenda kujisaidia?
(g) Siku njema: Je, siku njema ni nyingi kuliko mbaya?

Jumla ni 70. Akipata zaidi ya 35, bado maisha yake yanafaa kuendelezwa kwa matunzo mazuri. Akishuka chini ya hapo, na kuzidi kushuka, tufikiri kumuaga.

Lakini maksi si hakimu, ni taa tu. Mbwa asiyeweza kupumua hahitaji kufanyiwa hesabu; aitiwe msaada saa hiyo hiyo. Tena mtu mmoja asisahihishe peke yake. Mpeni mtoto anayemlisha naye aseme, maana mara nyingi ndiye anayeona zaidi.

5. Mfano

Tuchukue mfano wa mzee mmoja, mlinzi mstaafu wa shamba la mkonge, mwenye mbwa wa miaka 13. Miguu ya nyuma imelegea na figo zimechoka. Bwana mifugo amekwisha kumtibu mara mbili, na sasa amekuja tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie. Ni lini?"

"Mzee, mimi namwona kwa robo saa tu. Wewe unaishi naye. Niambie, jana alifanya nini?"

Mzee akafikiri. Jana mbwa alikunywa maji, akatapika, akalala. Juzi je? Juzi vile vile. Bwana mifugo akamshauri atwae kalenda ya ukutani, na kila jioni atie alama ya vema kwa siku njema na mkasi kwa siku mbaya.

Baada ya siku 14 kalenda ilikuwa na vema 4 na mikasi 10, na vema zote zilikuwa za juma la kwanza. Mama wa nyumba hakukubali. Alisema, "Baba Yohana, tungoje Krismasi. Yohana atakuja kutoka Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyemleta akiwa kitoto, mfukoni mwa koti la shule." Lilikuwa neno zito, na mzee hakulidharau. Lakini Krismasi ilikuwa mbali kwa majuma matano. Wakampigia simu Yohana, naye baada ya kunyamaza kidogo akajibu, "Mama, msimngojeshe kwa ajili yangu."

Angalieni, ndugu, kwamba katika nyumba hii hakuna aliyekosa upendo. Mama alitaka mwanawe aage. Lakini majuma matano yale yangelipwa na mbwa, si na Yohana. Hilo ndilo swali la kujiuliza kila tunaposema "tungoje": ni nani anayelipa?

6. Siku yenyewe

Kazi hii ni ya daktari wa wanyama au mtaalamu wa mifugo aliyefundishwa. Ulizeni mapema kama anayo dawa inayofaa, na gharama yake, ili msije mkahangaika siku ya taabu. Sumu haifai kabisa: huua kwa maumivu makali, na huua pia kuku, paka na mbwa wa jirani, hata kuhatarisha watoto.

Kwa kawaida mbwa hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha sindano ya usingizi mzito kupita kiasi. Hupoteza fahamu kwa muda mfupi sana, na moyo husimama katika dakika chache. Ni vema kujua mapema kwamba macho hubaki wazi, kwamba mkojo huweza kutoka, na kwamba mwili huweza kushtuka au kuvuta pumzi mara moja mbili baada ya uhai kwisha. Hizo si dalili za maumivu.

Mmoja wa nyumbani akae naye, mahali alipozoea, na kumwita jina lake. Mbwa haogopi kifo kama sisi, lakini huogopa kuachwa na wageni. Watoto waelezwe kweli. Wasiambiwe kwamba mbwa amelala au amesafiri, kwa maana mtoto ataogopa kulala, au atakaa mlangoni akingoja.

Baadaye azikwe shimo refu, angalau mita moja kwenda chini, mbali na kisima na mto, na juu yapangwe mawe. Dawa ile hubaki mwilini, na mnyama atakayefukua na kula mzoga huweza kufa. Sisi tulio jirani na Mikumi tuwakumbuke fisi na tai pia.

7. Je, ni dhambi?

Wapo wanaoulizwa na dhamiri zao: Je, tuna haki ya kuondoa uhai? Tunajibu kwamba tumepewa wanyama kuwa chini ya ulinzi wetu, nasi hukata shauri juu yao kila siku: tunawachinja, tunawauza, tunawazuia kuzaa. Haitakuwa haki kushika mamlaka hayo palipo na faida na kuyaacha palipo na uchungu. Mchungaji wa kweli haondoki zizini saa iliyo ngumu.

Wala mtu asichukue maneno haya na kuyapeleka kitandani kwa bibi au babu mgonjwa. Hapa tumezungumza habari za mnyama, asiyeweza kutuambia shauri lake wala kuelewa kwa nini anaumia. Mwanadamu mgonjwa ana neno lake, ana sala zake, ana watu wa kumtunza hadi mwisho.

Na atakayelia kwa ajili ya mbwa wake asichekwe. Miaka 13 ya kupokewa mlangoni kila jioni si kitu kidogo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika vikundi

1. Katika kijiji au mtaa wenu, mbwa wazee huishia wapi? Nani anaweza kubadili desturi hiyo?
2. Toeni mfano wa haraka na mfano wa kuchelewa. Katika kila mfano, ni nani aliyelipa?
3. Kama mnaye mbwa mzee sasa, mpeni maksi katika mambo saba, kila mtu kwa karatasi yake, kisha mlinganishe. Mmetofautiana wapi, na kwa nini?
4. Je, mbwa wenu amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu? Kama bado, nani atampeleka, na siku gani?