SOMO: KUMSAIDIA KIJANA ALIYEFIWA

Lengo: Walezi na viongozi wa vikundi watambue majonzi ya kijana na wajue hatua za kumsaidia.

Mkoa wetu wa Kagera unaujua msiba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983. Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Yatima wengi walipata chakula na sare za shule. Ni wachache waliopata mtu wa kuwasikiliza.

Dalili
Matanga yakiisha, wageni huondoka. Kijana hubaki na ndoto za kutisha, hasira, ukimya au kushuka darasani. Wengine hukimbilia mjini, Kahama au Mwanza, ambako hakuna anayejua kuwa wamefiwa. Mara nyingi tunamwita mkaidi, kumbe anaumwa moyoni.

Mfano wa Moshi na Bungoma
Je, inahitaji daktari bingwa? Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulihusu yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, wa mjini na vijijini, huko Moshi na Bungoma, Kenya. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, na walezi wao walifundishwa pia. Vikao vilipokwisha, waliohudhuria walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ilibaki Bungoma tu, mjini na vijijini. Huko Moshi makundi yote mawili yaliendelea kupata nafuu. Kwa hiyo njia hii si dawa ya kila mahali, lakini inaonyesha kwamba jirani aliyefundishwa anaweza kusaidia.

Hatua za kufuata
1. Mwambie ukweli. Usiseme "mama amesafiri." Mtoto atasubiri, kisha ataacha kukuamini.
2. Mweleze kwamba kulia, kukasirika na kuogopa ni kawaida kwa mfiwa. Usimwambie mvulana, "Mwanaume halii."
3. Mfundishe kuvuta pumzi polepole hofu inapomjia.
4. Mwache asimulie habari za kifo kidogo kidogo, akiwa tayari. Sikiliza kama kuna mawazo yanayomtesa, kwa mfano, "Ningemwahisha hospitali asingekufa." Msaidie kuyapima: je, mtoto wa miaka kumi angeweza?
5. Zungumzeni mema ya marehemu na yale anayoyakosa. Picha au kitenge cha mama kitunzwe. Kisigawiwe chote kwa ndugu.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumhukumu.

Angalizo
Hatua ya nne ifanywe na aliyefundishwa. Kijana akisema anataka kufa, au akijiumiza, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya na umweleze afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili
1. Katika kitongoji chetu, nani amefiwa mwaka huu na hakuna anayemtembelea tena?
2. Ni maneno gani ya pole yanayomfunga mtoto mdomo?
3. Kikundi chetu kitamtuma nani, na lini?